JUMATANO: Mkono Umepona, Hofu Imebaki

Soma Isaya 38:1–21. Hezekia amekwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi. Kwa nini basi katika fungu la 15 bado anazungumza juu ya uchungu wa nafsi?

Tumfikirie mkulima wa korosho huko Newala. Asubuhi moja kikombe cha uji kinamponyoka. Mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Kabla ya adhuhuri kila kitu kimerudi mahali pake. Hata hivyo watoto wanamteremsha mpaka Masasi, na hospitalini anaambiwa ni kiharusi kidogo: damu ilizibiwa njia kwenye ubongo kwa muda, kisha ikapita. Anapewa dawa za presha na kuonywa asizikatize, maana kiharusi cha namna hii huweza kutangulia kikubwa. Sabato inayofuata kanisa linatoa shukrani.

Lakini usiku halali. Anakunja na kukunjua vidole gizani kuona kama bado vinamtii. Shambani haendi peke yake, ingawa korosho zinaanguka na kungoja kuokotwa. Alikuwa mwalimu wa lesoni. Sasa anakaa benchi la nyuma, akihofu mdomo usije ukapinda mbele za watu. Ndugu wanamwambia, "Mzee, si umeshapona? Mshukuru Mungu." Wengine wananong'ona kwamba imani yake imepungua, na wako wanaomtafuta aliyemroga. Hakuna anayemuuliza anaogopa nini.

Hofu hiyo nayo ni jeraha. Mtu aliyeangushwa bila taarifa amejua kwamba anaweza kuangushwa tena, na daktari mwenyewe amemwambia hivyo. Kumwita mwenye imani haba ni kumwongezea mzigo. Hezekia aliyaweka machozi yake katika wimbo wa shukrani, wala hakukemewa. Tena Isaya, aliyemletea ahadi ya Mungu, aliagiza pia tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikwenda pamoja.

Waanzilishi wa kanisa letu waliijua njia hii. Tarehe 16 Agosti 1865, huko Battle Creek, Marekani, James White alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 44. Mkono wake wa kuume ulianguka ubavuni bila nguvu. Chake hakikuwa kidogo. Mkewe, Ellen, alimpeleka kwenye kituo cha afya cha Dansville, ambako alishauriwa apumzike kabisa. Miezi ikapita, naye akazidi kuzama katika huzuni na kujichunguza. Ellen akaona kwamba kukaa bure kunailisha hofu.

Mwaka 1867 walikuwa shambani Greenville, Michigan, na majani makavu yalikuwa tayari kukusanywa. James alitaka kuwaomba majirani msaada. Ellen akawatangulia, akawasihi waseme wana kazi nyingi. (Si kila mke angethubutu.) Kisha yeye na mwanawe Willie wakakusanya majani na kuyarusha juu ya gari, James akayapanga na kuwaongoza farasi. Ellen mwenyewe akapanda juu ya lundo akiyakanyaga, majirani wakishangaa. Hakumtuma mumewe kazini peke yake.

James alirudi kwenye huduma, na mwaka 1869 akachaguliwa tena kuwa rais wa Konferensi Kuu. Lakini viharusi vingine vilimpata, na katika miaka ya 1870 mara nyingine alikuwa mwepesi wa kukasirika na kuwashuku hata wenzake wa karibu. Ellen alivumilia mengi. Familia zinazomuuguza mtu wa namna hii zinahitaji kulisikia jambo hili pia: baba akirudi nyumbani akiwa mkali kuliko alivyokuwa, si lazima iwe ameacha kumpenda Mungu.

Soma 1 Wafalme 19:3–8. Malaika alimfanyia Eliya nini kabla ya kumwambia lolote juu ya safari?

Jadilini: Katika kanisa lenu, ni nani aliyeacha kazi aliyoipenda tangu alipougua? Nani atakwenda naye kuokota korosho Jumapili hii, na nani ataketi karibu naye siku atakaposimama tena kufundisha?