Kifaranga Kiwete na Haki Yake

Tuseme, ndugu msomaji, uko Olenguruone, nyanda za baridi za Nakuru kando ya msitu wa Mau. Mwanao akuletea kifaranga kilichotanuka miguu, hakisimami, ataka kipelekwe kwa daktari wa mifugo. Wamcheka: nauli yashinda bei ya kuku mzima! Mtume (s.a.w.) hakumcheka Abu Umayr alipofiwa na kindege chake.

Hesabu yako yafaa sokoni. Lakini nani aliyekilemaza? Mara nyingi kifaranga hupatwa na hayo kwa kulelewa juu ya gazeti au sakafu nyororo, miguu ikateleza siku zake za mwanzo. Ama vidole hujikunja kwa kukosa vitamini B2 chakulani. Basi sakafu ni yako, na chakula ni chako. Yule mwanamke wa paka katika Hadithi alilaumiwa kwa kumfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Tena dawa yenyewe si kubwa! Kingali kichanga, huenda daktari akaifunga miguu kwa kitambaa laini, ikae kwa nafasi yake ya kawaida, akaagiza kiwekwe pasipoteleza siku chache. Akisema hakitapona, kukichinja upesi ni rehema kuliko kukitupa jaani kife kwa baridi ya usiku, na mtoto akitazama.