Tiba ya Ufini kwa Mchwa wa Morogoro

Mfugaji mmoja wa kuku kule Morogoro alichoka kubadilisha nguzo za banda. Masika hayaishi, mchwa wameshazimaliza. Fundi wake akamletea habari njema: Ufini wanaoka mbao katika tanuri la mvuke, nyuzijoto 190 hadi 212, bila tone la dawa, na mbao hizo haziozi. Tanuri la matofali si lipo? Wakapanga nguzo za paini, wakaziba midomo kwa udongo, wakachochea moto.

Nyingine ziliteketea zikawa mkaa. Zilizosalimika zilitoka nyepesi, rangi ya kahawa, zinapendeza hata jirani akaulizia bei. Lakini msumari wa kwanza tu ulipopigiliwa, nguzo ikapasuka. Mbao iliyookwa hupungua nguvu, na Wafini wenyewe hawashauri kuibebesha mzigo mzito wala kuifukia ardhini. Hilo fundi hakulifikisha.

Zisizopasuka wakazisimamisha hivyo hivyo. Masika mengine yakaja, yakaisha. Nguzo ya pembeni ilikuwa nzima kwa macho. Mfugaji akaigonga, ikalia kama debe tupu. Akachokonoa kwa kisu: ganda likabonyea, udongo mkavu ukamwagika.

Fundi hakusema uongo, alisikia nusu. Joto lile huvunja sukari za mti ambazo kuvu wa kuozesha huanza nazo, na mbao hufyonza maji kidogo. Hiyo ni tiba ya kuoza, tena ya nchi isiyo na mchwa. Mchwa wa vichuguu vyetu hawasubiri mbao ilowe. Huja na unyevu wao toka ardhini kwa njia za udongo, na walichotafuna hukipeleka kwenye kuvu wanaowalima ndani ya kichuguu, ndio hao watoao uyoga tunaouokota mvua zikianza. Hata ile desturi ya kuunguza ncha ya nguzo kabla ya kuichimbia husaidia kidogo sana: mkaa ukishapata ufa, mlango upo wazi.

Safari hii mfugaji kanunua nguzo za mkaratusi zilizoshindiliwa dawa kwa mtambo, kama zile za umeme, na kamwagiza kijana wa banda kuvunja kila njia ya udongo anayoiona. Nguzo za kuokwa zilizobaki kazipasua, kapambia ukuta wa sebule. Fundi anadai hela ya kuni. Mfugaji anadai hela ya paini. Hawajaelewana.