Subira na Spana

Ganzi ya mikono humpata mwendesha baiskeli pale uzito wa kiwiliwili unapoacha kiti na kulalia viganja. Upande wa kidole cha mwisho, pale kiganja kinapoanzia, hupita neva inayohudumia kidole hicho na nusu ya kidole cha pete. Hapo neva haina mnofu wa kuikinga. Usukani ukiibana muda mrefu, vidole huhisi kama sisimizi wanavitembelea, kisha hufa ganzi. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata hutoka kwenye neva nyingine ipitayo katikati ya kifundo cha mkono, na mara nyingi huletwa na kifundo kilichokunjwa.

Uzito huo wa mikono huonekana wazi Burundi. Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini kidogo ya mita 800 juu ya bahari. Bugarama, milimani umbali wa kilomita 35 hivi, imepita mita 2,000. Wanaoteremsha ndizi na makaa kwa kinga, kama baiskeli inavyoitwa huko, hushuka mteremko huo wote mwili ukiwavuta mbele na vidole vikiwa havibanduki kwenye breki. Wakirudi, wengi hujishikiza nyuma ya malori, na mkono mmoja ndio unaobeba safari.

Watu kama hao huambiwa wawe na subira. Neno hilo halikosekani katika misikiti ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wala makanisani. Wanazuoni wa Kiislamu waliigawa subira mafungu matatu: ya kudumu katika utiifu, ya kujizuia na maasi, na ya kupokea yaliyokadiriwa. Kwa haraka, ganzi ya mikono ingewekwa katika fungu la tatu. Lakini maumivu yanayoondoka kwa kukaza nati moja yamekadiriwa kwa namna gani?

Khalifa Umar bin Khattab alilikabili swali hilo katika jambo zito zaidi. Karne ya 7, akielekea Sham, alipata habari ya tauni akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar hakukana, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja kuingia nyingine, akatoa mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Kwa hoja hiyo, spana nayo imo ndani ya kadari sawa na ganzi, na anayeiacha mfukoni hajawa mnyenyekevu zaidi ya anayeitumia. Mtume Paulo naye, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, asema aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe kabla ya kuukubali. Ombi lilitangulia subira.

Marekebisho huanzia mbali na panapouma. Kiti kikiinamisha pua, mwendeshaji huteleza mbele na mikono hugeuka miguu ya meza. Hivyo kwanza kiti hulazwa sawa, kisha husogezwa nyuma kidogo, ili nyonga na miguu vibebe kiwiliwili. Anayekimbilia kufunga matambara kwenye vishikio bila kugusa kiti ametibu kivuli. Baada ya hapo usukani huinuliwa: nati yake ya juu hulegezwa mizunguko michache na kugongwa taratibu hadi kabari ya ndani iachie, bila kuvuta shina la usukani kupita alama ya mwisho. Kwenye baiskeli nzito za breki za vyuma, vyuma hivyo hurekebishwa upya pia, la sivyo breki haitafanya kazi ipasavyo. Mwisho vishikio na breki hugeuzwa mpaka mkono na kifundo vinyooke mstari mmoja. Viwiko vikunjwe kidogo, na viganja vibadilishwe mahali kila mara.

Mtu aliyekodi baiskeli huenda asiruhusiwe kuligusa shina la usukani. Uvumilivu wake hauwezi kuhesabiwa sawa na wa mwenye baiskeli anayepuuza nati. Kumhubiria subira ni kumtwika mzigo wa mtu mwingine: anayepaswa kuulizwa ni mwenye chombo, kwa kuwa mwili wa aliyekodi ni amana hata ukiwa juu ya mali ya mwenzake. Saa ya kupima kiti kwa kimo cha aliyekodi haimpunguzii mwenye mali chochote cha maana.

Baiskeli ikishamkaa mtu, hubaki mteremko wenyewe, mzigo na kokoto zinazotikisa usukani. Hapo subira ina kazi yake halisi. Ganzi isiyoondoka baada ya mapumziko ya siku kadhaa, au vidole vinavyoshindwa kufunga kifungo cha shati, hiyo tayari ni kazi ya daktari.