Kilomita za Nani?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ndugu msomaji, aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuona mita ya gari, lakini ni kama alitabiri. Siku hizi ukitaka kuifupisha njia huhitaji tingatinga wala mkandarasi. Unahitaji bisibisi na fundi mwenye subira. Gari lililotembea kilomita laki mbili na ushee linaingia gereji asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne limeshakuwa gari la elfu sitini. Njia imefupishwa, na hakuna aliyetamka uongo hata neno moja.

Swali langu ni dogo, ila halinitoki kichwani. Ile namba inayosomeka kwenye dashibodi ni mali ya nani? Ya mwenye gari? Ya gari lenyewe? Au ya mtu fulani ambaye bado hajafika?

Nieleze kisa chenyewe. Mjomba wangu hapa Singida mjini alikuwa na Toyota Starlet, zile za mwanzoni mwa miaka ya 1990, toleo la makabwela: vioo vya kuzungusha kwa mkono, redio hakuna, dashibodi ina mishale mitatu tu, wa spidi, wa mafuta na wa joto la injini. Starlet zilikoma kutengenezwa mwaka 1999, Vitz ikashika nafasi, lakini barabara zetu ni kama hazijapata taarifa hiyo. Sasa mshale wa joto ukafa. Mtu anayetoka Shelui na viroba vya vitunguu nyuma, akaupanda mlima Sekenke bila kujua injini imechemka kiasi gani, huyo anaendesha kwa dua.

Mjomba akaamua kubadilisha dashibodi nzima. Fundi akampatia ya mtumba, iliyotolewa kwenye Starlet nyingine iliyogongwa, toleo la juu kidogo, yenye na mshale wa mizunguko ya injini, ile mita mafundi wanaiita RPM. Kazi yenyewe si uchawi. Unatoa fremu ya plastiki, skrubu chache, unachomoa kebo ya spidi inayotoka kwenye giaboksi, unachomoa soketi za waya, unapachika nyingine. RPM inataka waya wake kutoka upande wa koili, maana isipopata mapigo ya moto wa plagi haina cha kuhesabu.

Jioni ile gari likawa jipya machoni. Mishale minne inacheza, taa zinawaka vizuri, mjomba anakanyaga mafuta gari limesimama ili mradi tu auone mshale ukipanda. Nani atamlaumu? Mtu ana haki ya kukipendezesha chake, na ana haki zaidi ya kujua joto la injini yake.

Ila dashibodi ya zamani ilikuwa inasoma 268,000. Hii nyingine ilikuwa inasoma 61,000.

Fundi, nampa heshima yake, aliuliza. "Mzee, nikuachie hivi hivi au nikusogezee mpaka kwenye namba yako?" Maana mita za aina ile ni vigurudumu vidogo vyenye tarakimu, na mkono unaoweza kuvirudisha nyuma ndio huo huo unaoweza kuvipeleka mbele. Mjomba akacheka. "Iache bwana. Si inapendeza?"

Hapo ndipo shauri linapoanza. Kitazame vizuri kile kioo. Kwa anayeendesha kimekuwa mkweli kuliko jana, maana joto sasa linajulikana. Kwa atakayenunua kimekuwa mwongo. Kifaa kimoja, siku moja, skrubu zile zile! Na tena kila kilomita kinayohesabu tangu siku ile ni kilomita ya haki. Shida yake ni moja: kimeanza kuhesabu kutoka katika maisha ya gari jingine.

Kijiweni nilipolileta jambo hili nilipigwa hoja mbili. Ya kwanza: "We naye! Kila mtu anajua kilomita za magari ya mtumba zinachezewa. Kama kila mtu anajua, nani kadanganywa?" Hoja tamu, lakini ionje kwa shilingi. Ingekuwa kweli kila mtu anajua, hakuna ambaye angeongeza hata senti kwa ajili ya namba ndogo. Namba ndogo ingekuwa pambo tu, kama stika ya mlangoni. Mbona basi inapandisha bei? Inapandisha kwa sababu bado yupo anayeamini. Anayerudisha mita nyuma anakula imani ya mtu huyo, na anakula pia imani iliyojengwa na wauzaji ambao hawakuchezea.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Gari lake, dashibodi yake, kainunua kwa hela yake. Inakuhusu nini?" Hapa namkumbuka Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Alieleza gari la kukokotwa lenye magurudumu ya meno yaliyounganishwa na ekseli, na kila maili moja ikitimia kijiwe kimoja kinadondoka ndani ya chombo. Ukifika mwisho wa safari unahesabu vijiwe. Basi mimi nasema hivi: chombo ni chako, kipake rangi uitakayo, kibadilishe hata mara kumi. Lakini vijiwe vimetiwa humo na barabara. Wewe ni mtunzaji wake tu. Ukivimwaga hujamwaga mali yako, umefuta ushahidi.

Wenzetu waliliona hili hadi wakalitungia sheria. Marekani ilikataza kuchezea mita za mwendo mwaka 1972. Na sheria yao haikatazi kutengeneza. Mita ikiharibika, itengenezwe au ibadilishwe, isomeke namba ile ile ya mwanzo. Ikishindikana, irudishwe sifuri na karatasi ibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto, upande wa dereva wao, ikitaja namba ya zamani na tarehe ya matengenezo. Yaani badilisha uso upendavyo, ila andika. Kadi yetu ya gari inataja namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa. Mwendo hautajwi. Mwendo umeachiwa mdomo wa muuzaji.

Baada ya mwaka na kitu mjomba akataka kuuza. Mita ilikuwa inasoma 73,000. Aliyekuja ni mwalimu kijana wa shule ya msingi kutoka Ikungi, fedha za mkopo mfukoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwendea mjomba uani, kwa adabu zote, maana kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya mgeni. Nikamwambia, "Mjomba, kesho akiuliza tumwambie mita si yake." Akanitazama. "Hivi wewe unataka niuze gari au niuze historia?"

Nikamjibu kwa mkanda. Injini ile ina mkanda wa taimingi, na Toyota walielekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Mjomba mwenyewe alikumbuka kuubadilisha gari likiwa kwenye 175,000. Mwendo wa kweli siku ile ulikuwa 280,000, kwa hiyo mkanda ulishapitiliza kwa elfu tano. Lakini mwalimu akisoma 73,000 atahesabu kwamba bado ana elfu ishirini na saba za kutamba. Mkanda hausomi dashibodi. Siku ukikatika injini inazima hapo hapo, na mteremko wa Sekenke hauna habari na mapatano ya bei. Mjomba hakunijibu. Aliinuka akaenda kulala.

Kesho yake mwalimu akaamkia, akazunguka gari, akachungulia ndani. "Mzee, limetembea kiasi gani?" Palepale mjomba angeweza kusema, "Si unaona mwenyewe hapo?" Na asingekuwa ametamka uongo. Hilo ndilo linalonitisha katika jambo lote hili: unaweza kumnyooshea mtu kidole kuelekea kwenye namba, ukanyamaza, na kidole kikafanya kazi ambayo ulimi unaikataa. Mjomba alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Dashibodi si ya kwake. Ongeza laki mbili na elfu saba."

Ukweli wote ulikuwa ni hesabu ya kujumlisha tu, mtoto wa darasa la pili angeiweza. Ulimgharimu mjomba shilingi laki sita kwenye bei, na mimi ulinigharimu salamu zake kwa wiki mbili. Mwalimu alilichukua gari, akabadilisha mkanda kwanza. Siwezi kudai kwamba mkanda ule ungekatika. Pengine ungedumu mwaka mzima. Haki ya mwalimu ya kujua haikutegemea hilo.

Magari ya sasa mita zake ni za kielektroniki, na namba inaandikwa upya kwa kompyuta bila kufungua hata skrubu moja. Mkono hauchafuki tena kwa grisi. Kwa hiyo sidhani kama kufuli litatuokoa, wala mtambo mpya. Badilisheni dashibodi, vijana wenzangu. Wekeni RPM, wekeni taa za buluu mkipenda. Lakini chukua kipande cha karatasi, andika namba ya zamani na tarehe, kibandike ndani ya mlango. Mwenye namba ile ni mtu ambaye hujakutana naye bado. Akija na fedha zake za mkopo, utamnyooshea kidole wapi?