Ratiba ya Siku 24 na Jogoo wa Shangazi



Mwaka jana, likizo ya mwezi wa saba, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari (yeye sasa ni mwalimu) tuliamua kuizunguka Tanzania. Tulikuwa na siku 24, akiba kidogo na daftari moja la mistari. Kwenye daftari tukachora jedwali: tarehe, tunatoka wapi, tunakwenda wapi, usafiri, nauli, pa kulala. Nakiri nililipenda sana lile jedwali. Wiki tatu kabla ya safari nilikuwa nalifungua kila usiku kama mtu anayesoma barua ya mchumba, na msiniulize frateri anajuaje habari za barua za mchumba.

Anayedhani kupanga safari ya namna hiyo ni rahisi hajawahi kujaribu. Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 900,000 na mikoa 31. Mwezi wa saba Njombe unavaa masweta mawili, Dar es Salaam unalala bila shuka. Kuna upande mvua zinakuja mara mbili, vuli na masika, na kuna upande mkubwa wa katikati na kusini wenye msimu mmoja mrefu tu, kwa hiyo barabara ya vumbi inayopitika vizuri Julai inaweza kuwa matope matupu Februari. Treni ya zamani ya Reli ya Kati haiondoki kila siku. Meli ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba nayo ina siku zake. Ukichelewa siku moja Dodoma, unakuja kuilipia Bukoba.

Halafu kuna kuacha. Hili sikulijua mpaka nilipoanza kupanga: ratiba ya nchi kubwa ni orodha ya mahali usipokwenda. Tulifuta Mtwara. Tukafuta Songea na Peramiho (wa Songea mnisamehe), tukafuta Sumbawanga. Tukabaki na Bagamoyo, Dodoma, Kigoma, Tabora, Mwanza, Bukoba, na kurudi kwa njia ya Arusha na Moshi. Bagamoyo kwa sababu ya wamisionari waliofika pale mwaka 1868. Bukoba kwa sababu nilitaka kusali kwenye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali. Kigoma kwa sababu ya ziwa. Na Tabora kwa sababu ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye hajaniona tangu nimeingia seminari kuu.

Siku chache kabla ya kuondoka, mama mmoja wa parokiani aliliona lile daftari akacheka. Akasema, "Vijana mnapanga mpaka saa ya chai! Mungu anapanga wapi sasa?" Alitania, lakini neno lilinikaa. Je, kupanga sana ni kupungukiwa na imani?

Basi bwana, nina shahada ya falsafa, sikuweza kuliacha lipite. Nilianza na Yakobo, ile sura ya nne ambapo anawakemea wafanyabiashara wanaosema watakwenda mji fulani, watakaa mwaka mzima, watapata faida. Ukiisoma polepole utaona hawakemei kwa sababu wanajua nauli. Anawakemea kwa kuisemea kesho kama shamba lao lenye hati. Aristotle naye alishasema kwamba mtu hashauriani na nafsi yake kuhusu jua kuchomoza. Tunashauriana juu ya yale yaliyo ndani ya uwezo wetu na yanayoweza kwenda hivi au vile. Treni ya Kigoma imo humo kabisa. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwenye Summa, anaweka kuona mbele kuwa sehemu kuu ya busara, tena anaonyesha kwamba neno la Kilatini la busara lina undugu na neno la kuona mbele, lile lile tunalolitumia kwa Maongozi ya Mungu. Kwa hiyo anayepanga vizuri anamfuata Mungu kwa mbali, kama mtoto anayevaa viatu vya baba yake. Nikafunga daftari nimeridhika. Nikamwambia rafiki yangu tuko salama, Thoma yuko upande wetu.

Thoma mwenyewe, kwa taarifa yenu, alifia safarini mwaka 1274 akielekea kwenye Mtaguso wa Lyon. Ratiba yake nayo haikukamilika.

Safari ikaanza vizuri mno. Bagamoyo tulisimama ufukweni, pale walipoondokea Mapadri Weupe wa kwanza mwezi Juni 1878, na wapagazi wao, kwenda Tabora na zaidi. Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora. Njia hiyo hiyo sisi tuliianza kwa treni ya umeme ya SGR, tumekaa kwenye viti vya kuegemea, tukafika Dodoma kabla hata ya kumaliza karanga. Kutoka Dodoma tukapanda treni ya zamani kwenda Kigoma.

Treni hiyo inapita Tabora. Pale mabehewa hugawanywa, mengine ya Mwanza, mengine ya Mpanda, mengine ya Kigoma, kwa hiyo inasimama muda mrefu. Nilishuka nikanunua asali. Nyumba ya shangazi iko mwendo wa bodaboda kutoka stesheni. Nikasema, ah, tunarudi huku baada ya siku nne, si imeandikwa?

Kigoma nisiisemee sana, maana nikianza sitamaliza. Maji ya Ziwa Tanganyika asubuhi unaona mawe ya chini kabisa, tulikula migebuka mpaka mikono ikanuka siku mbili. Jioni ya tatu tukiwa kwenye mgahawa, tukakutana na dereva wa pikapu anayekwenda Bukoba kesho yake kwa njia ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Biharamulo. Nafasi mbili zipo. Hataki nauli, anataka tu watu wa kumwongelesha asisinzie.

Rafiki yangu akalifungua daftari pale pale mezani. Tukipanda pikapu tunaokoa siku mbili, nauli ya treni hadi Tabora, nauli ya basi hadi Mwanza, na tiketi ya meli. Na siku mbili hizo tunaweza kuziongeza Moshi. Hesabu haikuwa na kasoro. Nilimwandikia shangazi ujumbe: "Shikamoo shangazi. Ratiba imebadilika kidogo, hatutapita Tabora safari hii. Mungu akipenda tutaonana mwakani." Akajibu baada ya kama saa nzima: "Marahaba mwanangu. Sawa. Safari njema, Mungu awatangulie."

Nataka mlitazame hilo "Mungu akipenda" langu. Yakobo anataka tuseme maneno hayo kwa sababu kesho si yetu. Mimi niliyasema kwa sababu sikutaka kusema "sitakuja". Siku hizi tunalifanyia hivyo neno hili takatifu, mtu akikualika kwenye harambee na hutaki kwenda, unamwambia Mungu akipenda, na wote wawili mnaelewa kwamba Mungu hajaulizwa.

Habari kamili nilizipata mwezi wa nane, nimesharudi, kutoka kwa binamu yangu. Shangazi alikuwa ameazima godoro kwa jirani. Alikuwa amemfungia jogoo banda la peke yake, analishwa pumba na mahindi, na watoto wakikatazwa kumkimbiza kwa sababu "huyo ni wa frateri". Na alikuwa ameomba sala ya jumuiya ya wiki ile ihamie nyumbani kwake, akawaambia wanajumuiya kwamba mtoto wa kaka yake ndiye ataongoza Rozari. Walikuja. Akawaambia nimepata dharura.

Yaani alidanganya kwa ajili yangu, mama wa watu.

Ndipo nikaona kwamba swali la yule mama wa parokiani nililijibu vizuri, ila halikuwa swali langu. Imani yangu kwa Mungu haikutikiswa na ratiba hata kidogo. Aliyetikiswa ni mtu wa Tabora. Swali langu lilikuwa hili: ratiba ni mali ya nani? Nilipoichora kwenye daftari ilikuwa yangu, ningeweza kuifuta kama nilivyofuta Songea na hakuna aliyelala na njaa. Lakini siku nilipompigia shangazi nikamtajia tarehe, kipande kimoja cha daftari kilihamia kwake. Alianza kuishi ndani yake. Alipanga naye, kwa godoro na jogoo na sala.

Rafiki yangu hakubaliani nami moja kwa moja. Anasema ratiba si kiapo, na kama kila unayemtajia tarehe anakufunga, hakuna atakayesafiri wala kutaja tarehe tena. Ana hoja. Nikarudi tena kwa Thoma, safari hii bila haraka. Anauliza kama asiyetimiza alichoahidi amesema uongo. Anajibu kwamba kama alikusudia kweli wakati ule, hakusema uongo. Ila asipotenda anakuwa si mwaminifu, isipokuwa hali za watu na za mambo ziwe zimebadilika. Na mfano anaoutoa, niliposoma nilishtuka, ni ratiba ya safari! Ni Mtakatifu Paulo, aliyesema atakwenda Korintho asiende kama alivyosema.

Someni wenyewe 2 Wakorintho sura ya kwanza. Paulo alikuwa amepanga apite Korintho akienda Makedonia na apite tena akirudi. Hakufanya hivyo, na Wakorintho wakakasirika kweli, wakamwona mtu wa ndiyo na siyo kwa pamoja. Paulo hawaambii kwamba yeye ni mtume na wao wasimfuatilie. Anachukua nafasi nzima kwenye barua kujieleza. Na sababu anayotoa ni kwamba aliacha kwenda ili kuwahurumia wao, asije akawatia huzuni tena. Alibadilisha njia kwa ajili ya waliokuwa wanamsubiri.

Sasa mimi. Je, hali zilibadilika? Reli haikusombwa na maji. Sikuugua. Treni ya kurudi Tabora iliondoka, nimeuliza. Kilichobadilika ni kwamba palitokea kiti cha bure, nami nikakiita kiti hicho Maongozi ya Mungu. Nakumbuka nililisema hilo kabisa ndani ya pikapu, baada ya Kasulu: "Unaona Mungu anavyofungua njia?" Dereva akasema amina.

Lile jedwali lilikuwa na nguzo sita na hakuna hata moja iliyouliza nani anatusubiri. Kwenye mstari wa Tabora, pa kulala, niliandika "kwa shangazi, bure". Alihesabika pale kama tunavyohesabu nyumba ya wageni isiyolipiwa. Ukishamwandika mtu hivyo, ni rahisi sana kumpata wa bei nafuu zaidi.

Sikujua kama jambo hili ni la kuungama. Niliungama. Padre hakulicheka, aliniuliza tu kama nimeshampigia shangazi mwenyewe, au nimekuja kwanza kwake yeye. Nilikuwa nimeanza kwake yeye.

Nikapiga. Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengine ya Thoma. Sikufika nayo popote. Shangazi aliniacha niongee, kisha akasema, "Hukukosa kitu mwanangu, ulikuwa njiani. Njiani kuna mambo. Mimi tu ndiye nilikuwa nimekaa." Nikamuuliza habari za jogoo. Akasema walimla na wanajumuiya siku ile ile, maana watu walishakuja na nyumba haiwezi kuwa na wageni na jogoo kwa pamoja. Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Mwaka huu likizo ni fupi, siku 12. Rafiki yangu anataka Songea, na nadhani safari hii Songea ana haki nayo. Nimekubali, lakini tunaanza Tabora, ndipo tushuke Mbeya na kuendelea. Kwa kilomita ni ujinga, yeyote mwenye ramani ataliona hilo. Nimemwambia shangazi. Aliuliza kama mwenzangu anakula nyama ya mbuzi, halafu akasema nisimtajie tarehe. Nimpigie tukishapita Itigi, hapo ndipo ataanza kuchota maji.