Pumzi ni ya nani?

Watu wengi wa mijini, Ulaya na Marekani, na siku hizi hata Afrika, wanafuata mazoezi yaliyotoka Uhindi, yanayoitwa yoga. Wakristu wengine wanauliza: je, ni halali kwetu? Kabla ya kujibu yafaa kulijua jambo lenyewe.

Yoga ni za namna nyingi. Tutazame moja, ile iitwayo vinyasa. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888 akafa mwaka 1989. Katika miaka ya 1930 alifundisha vijana katika jumba la mfalme huko Mysore, kusini mwa Uhindi. Kati ya wanafunzi wake alikuwa K. Pattabhi Jois, na kwa njia yake mazoezi hayo yalifika nchi nyingi.

Yanakwenda hivi. Mtu anasimama wima. Anavuta pumzi kwa pua, na mikono inapanda pamoja nayo hata viganja vikutane juu ya kichwa. Anatoa pumzi, anainama mpaka vidole viguse chini. Anavuta: kichwa kinainuka, mgongo unanyoka. Anatoa: miguu inarudi nyuma, mwili unashuka karibu na sakafu. Anavuta: kifua kinapanda. Anatoa: kiuno kinapanda, mwili unakuwa kama paa la nyumba, na hapo anakaa kwa muda wa pumzi tano. Kisha anarudi njia ile ile mpaka kusimama. Mwendo ni kama maji ya mto. Na sheria ni moja: pumzi inaongoza, mwili unafuata. Pumzi ikianza kukatika au kukimbia, ndiyo dalili kwamba mtu amejilazimisha kupita nguvu zake. Apunguze.

Sheria hiyo yanipendeza. Mguu tunauamuru, moyo hatuuamuru. Lakini pumzi iko katikati. Usingizini yajiendea yenyewe, na tukiwa macho twaweza kuiongoza kidogo. Kidogo tu: jaribu kuizuia, utaona nani bwana. Wadaktari wanasema kwamba tukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, na tukiitoa unapunguza; kwa hiyo anayetoa pumzi polepole anatulia kweli. Si uchawi, ndivyo tulivyoumbwa. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi puani, ndipo akawa hai. Basi pumzi hatukuinunua, tumeazimwa.

Kwa hiyo kuinama na kuvuta pumzi si dhambi. Sala kwa miungu mingine, zinazosomwa katika vyuo vingine vya yoga, hizo Mkristu aziache. Mazoezi niliyoyaeleza yanaitwa huko ‘salamu kwa jua’. Sisi twamsalimu aliyeliumba.

Lakini hatari kubwa haimo katika majina. Aliyetulia aweza kudhani amempata Mungu. Mwaka 1989 Kardinali Ratzinger, aliyesimamia mambo ya mafundisho ya imani huko Roma, aliwaandikia Maaskofu barua juu ya sala ya Kikristu. Hakuyakataa mazoezi ya mwili. Alionya kwamba raha yake isidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu, hasa ikiwa mwenendo wa mtu haupatani nayo. Maneno hayo ni mazito. Yule Pattabhi Jois alifundisha pumzi kwa miaka mingi, mpaka kufa kwake mwaka 2009. Baadaye wanawake waliokuwa wanafunzi wake walishuhudia hadharani kwamba aliwagusa vibaya akijifanya kuwasaidia, na mwaka 2019 mjukuu wake, mrithi wa kazi yake, aliomba msamaha. Pumzi ilitii, moyo haukutii. Wala tusijidhani bora: hata katika Kanisa wamo waliozijua ibada zote wakatenda maovu hayo hayo.

Je, tutupe yote? Padri Jean-Marie Déchanet, Mbenedikto aliyeishi pia kwetu Katanga, hakufikiri hivyo. Mwaka 1956 alitoa kitabu kueleza jinsi mazoezi ya yoga yalivyomsaidia kukaa kimya mbele ya Mungu. Yeye hakutafuta utulivu kama mali yake. Alitafuta kusikiliza, na mwili wenye kelele haumwachi mtu asikilize.

Na kabla yake, Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alikwisha kuweka namna ya kusali isiyohitaji mkeka wala nguvu. Kwa kila pumzi, neno moja la Baba Yetu, basi. Kati ya pumzi na pumzi mtu anafikiri maana ya neno lile, au Yule anayesemeshwa, au unyonge wake mwenyewe. Mgonjwa asiyeweza kuinua mkono aweza kusali hivyo kitandani, pumzi yake ikiwa fupi au ndefu. Na usingizi ukimchukua kabla ya kufika Amina, kesho ataanza tena.