Amana ya Mwenye Zamu



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, mwezi uliopita mdogo wangu, anayemaliza masomo ya uhandisi wa umeme, alinijia nyumbani hapa Buterere na swali. Ameomba nafasi ya kusoma nje, tawi la nyuklia. Nia yake ni kuwa mwendeshaji wa kinu, yule anayekaa katika chumba cha udhibiti kwa zamu, mchana na usiku, akisoma vipimo na kuendesha mtambo. Kabla ya kutia sahihi fomu aliniuliza: "Kaka, wewe ndiye unayesoma dini. Kazi hii inamfaa Muislamu?"

Nilimjibu palepale, kikombe cha chai kikiwa mkononi. Nilimwambia haimfai, kwani huko ni kujitupa katika maangamizi, nikataja Suratul Baqara aya ya 195. Alinyamaza. Mama alifurahi, maana hakutaka mwanawe aende mbali.

Usiku ule umeme ukakatika. Nikiwa gizani nikajiuliza: nimejuaje? Nimesoma nini kuhusu kinu cha nyuklia? Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Suratul Israi aya ya 36 inatukataza kulifuata tusilolijua, na inatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mimi naisoma aya hiyo darasani, kisha nikamkatia mtu riziki yake kwa uvumi.

Basi nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba mfanyakazi wa kinu hupimwa mionzi anayoipata, na viwango vya kimataifa vinataka wastani wake usizidi milisiverti 20 kwa mwaka. Mimi na wewe, kwa kuishi tu duniani, hupata wastani wa takriban 2.4 kutoka ardhini, angani na katika chakula. Nikakuta kwamba jirani zetu wa Kongo walikuwa na kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika, pale Kinshasa, mwaka 1959. Afrika Kusini inazalisha umeme wa nyuklia huko Koeberg tangu mwaka 1984. Misri ilianza kujenga El Dabaa mwaka 2022. Na katika Falme za Kiarabu, nchi ya Waislamu wenzetu, kuna vinu vinne mahali paitwapo Barakah. Kimoja tu kina uwezo wa megawati 1,400 hivi. Bwawa letu la Rwegura lina megawati 18. Piga hesabu mwenyewe, wewe unayesoma kwa tochi ya simu.

Kisha nikairudia ile aya niliyoitaja. Niliikata, ndugu zangu. Inaanza kwa kuamrisha kutoa katika njia ya Allah, na inamalizia kwa kuamrisha ihsani, kwa kuwa Allah huwapenda wenye kufanya wema. Mimi nilichukua kipande cha katikati tu. Kumbe swali halikuwa kama kazi ina hatari. Udereva una hatari, na udaktari pia. Swali ni kama mwenye kuifanya ataifanya kwa ihsani.

Hatari ya kweli niliikuta hapo. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island huko Marekani, valvu moja ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupooza yakawa yanatoka. Taa mezani ilionyesha kwamba valvu imeamriwa kufunga, haikuonyesha kwamba imefunga kweli. Waendeshaji waliamini taa, wakadhani maji yamezidi, wakapunguza maji ya dharura. Karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Tarehe 26 Aprili 1986, huko Chernobyl, mifumo ya usalama ilizimwa ili jaribio liendelee, juu ya kinu chenye kasoro ambazo waendeshaji hawakuelezwa sawasawa. Aliyeficha na aliyepuuza, wote walikuwa wamebeba amana za watu wasiowajua.

Ndiyo maana mwendeshaji hapewi zamu kwa cheti cha chuo peke yake. Husoma tena, hufanya mazoezi katika chumba cha kuigiza ajali, hupimwa afya, hupewa leseni, kisha hutahiniwa tena na tena. Ukitazama Suratul Qasas aya ya 26, binti anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa sababu mbili: nguvu na uaminifu. Yusuf (a.s.) naye alipoomba asimamie hazina za Misri alitaja kwamba ni mlinzi na ni mjuzi. Ujuzi bila uaminifu ni hatari, na uaminifu bila ujuzi hautoshi.

Hapa sina budi kusema langu. Kabla ya kuingia chuo nilikuwa nikilinda jenereta ya zahanati moja. Kila saa nilitakiwa kutazama mazutu, kutazama kipimo cha friji ya chanjo, na kuandika katika daftari. Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Nilizoea kuandika mistari yote baada ya Isha, nyuzi 5, nyuzi 5, mpaka alfajiri, kisha nalala. Usiku mmoja jenereta ilizimika. Asubuhi friji ilikuwa ya moto na daftari langu linasema kila kitu ni salama. Chanjo zilitupwa. Kina mama waliokuja na watoto mgongoni walirudishwa. Ikasemwa mazutu yalikuwa mabaya, nami nikanyamaza.

Mimi huyu ndiye niliyemwambia mdogo wangu kwamba kazi yake ni maangamizi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa muuguzi yule kukiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nilijua, mwanangu. Nilipita saa tisa nikakukuta umelala, na mstari wa saa kumi ulikuwa umeshaandikwa. Nilikuwa nakungoja useme." Toba kwa Allah ina masharti yake, na haki ya watu hairudi kwa kuinua mikono tu. Tumekubaliana jinsi nitakavyolipa kidogo kidogo.

Nilirudi kwa mdogo wangu nikamwambia: jibu langu la kwanza lilikuwa la ujinga, nisamehe. Nenda ukasome. Lakini ukikaa kwenye zamu saa tisa za usiku, usiandike ambacho jicho lako halijakiona. Ukikosea, sema kabla hujaulizwa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu ihsani alifundisha tumwabudu Allah kana kwamba tunamwona, na kama hatumwoni, Yeye anatuona. Zamu ya usiku ndiyo mtihani wa hadithi hiyo. Mama bado anahofu, na nimemwambia amwombee dua badala ya kumshika nguo.

Nanyi, wenzangu, si lazima mwende kwenye kinu. Kila mmoja ana daftari lake: ripoti ya maabara, hesabu ya duka la mjomba, karatasi ya mahudhurio unayomsainia rafiki asiyekuja. Anzeni leo kuandika la kweli.

Ewe Mola, tujaalie nguvu na uaminifu, utusamehe tuliyoyaficha, na utuwezeshe kurudisha haki za watu kabla ya kufa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.